Sura ya Nne: Nyuzi Kumi na Tano

Bibi aliletwa baada ya isha, amelazwa juu ya godoro nyuma ya kirikuu, wajukuu wawili wamemshika huku na huku. Aliteleza kwenye kizingiti cha uani akienda kutia udhu. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na wayo umelala kwa nje, vidole vimeelekea ukutani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika mazoezi ya vitendo, na kichwani nilikuwa na sentensi moja ya kitabu: kwa picha ya nyonga inayopigwa kutoka mbele, geuza mguu kwa ndani nyuzi 15. Nikashika kisigino kwa mkono mmoja na vidole kwa mkono wa pili. Mwalimu wangu akaniwahi. Aliweka kiganja juu ya mkono wangu, akaniambia kwa sauti ambayo Bibi asingeisikia: "Acha. Kwanza niambie hizo nyuzi 15 zimetoka wapi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezikariri kama nilivyokariri jedwali la kuzidisha.

Sura hii ni jibu nililopaswa kumpa usiku ule. Mwanafunzi wa mionzi hupewa orodha ndefu ya nyuzi: 15 kwa nyonga, 5 mpaka 7 kwa goti la ubavu, 15 mpaka 20 kwa kifundo, 40 kwa kisigino, 10 kwa wayo. Wengi huzibeba kama mzigo mpaka siku ya mtihani, kisha huzitua. Lakini hakuna hata moja iliyotungwa na mwandishi wa kitabu. Kila moja ni umbo la mfupa fulani, na anayeujua mfupa ule anaweza kuisahau orodha akaitunga upya akiwa amesimama kando ya meza.

Anza na mfupa wa paja. Uchukue maabara, ule wa plastiki au wa kweli ukibahatika, uulaze mezani kwa mgongo wake, zile nundu mbili za chini zinazotengeneza goti ziguse mbao. Uachie. Utaona kwamba kichwa cha juu hakigusi meza. Shingo yake imeinuka kuelekea mbele, kwa mtu mzima nyuzi 15 hivi. Kwa mtoto mchanga mwinuko huo ni mkubwa zaidi, hufika 30 mpaka 40, na hupungua kadiri anavyosimama, anavyotembea na anavyokua. Sasa mfikirie mgonjwa amelala chali, vidole vinatazama dari. Shingo ya paja lake inaielekea tyubu. Ukipiga hivyo, unaipiga shingo ikiwa imekutazama, na kivuli chake kitatoka kifupi, kama kivuli cha mtu aliyesimama juani saa saba mchana. Geuza mguu mzima kwa ndani nyuzi 15, shingo inalala sambamba na kaseti, na urefu wake wote unaonekana. Dalili ya kwamba umefaulu iko ndani ya picha yenyewe: ile trokanta ndogo iliyo upande wa ndani na nyuma ya mfupa hujificha, ikabaki ncha tu au isionekane kabisa. Ukiiona imetokeza nene, mguu ulikuwa umegeukia nje.

Hapo ndipo Bibi anapoingia. Nyuzi 15 zina maana pale tu shingo na shina ni mfupa mmoja. Shingo ikivunjika, kinachogeuka ukishika wayo ni shina peke yake. Kichwa kinabaki ndani ya kikombe chake, na vipande viwili vinasuguana. Ule mguu mfupi uliolala kwa nje ulikuwa umeshaeleza kila kitu kabla ya mashine kuwashwa: misuli imelivuta shina juu, na hakuna tena nguzo ya kulizuia lisianguke nje. Kinachoogopesha zaidi ni damu. Kichwa cha mfupa wa paja hakipati chakula kutoka juu. Mishipa yake myembamba hutoka chini, huizunguka shingo na kupanda juu yake ikiwa imeshikamana na mfupa mpaka kufika kichwani. Kuna mshipa mdogo unaopita ndani ya ukano unaokifunga kichwa na kikombe, lakini kwa mtu mzima hauwezi kukilisha peke yake. Shingo inapokatika, mishipa ile nayo huchanika au hukunjika, na ile iliyosalimika haistahili kumaliziwa na mkono wa mwanafunzi mwenye haraka ya kutimiza kitabu. Kichwa kisichopata damu hufa kidogo kidogo, na miezi baadaye hubonyea.

Basi tuliupiga mguu ulivyo. Mwalimu aliuegemeza wayo wa Bibi kwa mifuko miwili ya mchanga, akaniambia nitafute kitovu cha picha. Kitabu kinakupeleka kwenye kinena, ambako mpigo wa mshipa mkubwa wa paja unapita mbele ya kichwa cha mfupa. Lakini huyu ni mama mtu mzima, na kinena chake si mahali pa kijana kupapasa endapo ipo njia nyingine. Njia ipo. Trokanta kubwa, lile gumu unaloligusa ubavuni mwa nyonga chini ya nguo, ncha yake ya juu iko usawa mmoja na kitovu cha kichwa. "Bibi, naomba nikuguse hapa ubavuni." Akaitikia. Picha ya pili, ya ubavu, ilipigwa bila kumgeuza hata kidogo: mguu usioumia ukainuliwa, kaseti ikasimamishwa kiunoni upande ulioumia, miale ikapita mlalo kutoka kinenani ikiikata shingo moja kwa moja. Mvunjiko ulikuwa chini kidogo ya kichwa. Kwenye ile picha ya mbele uliweza kudhaniwa kuwa mkunjo tu.

Jambo moja la kuzoeza jicho katika kila picha ya nyonga: fuata ukingo wa chini wa mfupa wa kinena, kisha ukingo wa ndani wa shingo ya paja. Kwenye nyonga nzima kingo hizo mbili hufuatana kama upinde mmoja usiokatika. Edward Shenton, mtaalamu wa mionzi wa Uingereza, aliuona upinde huo katika miaka ya mwanzo kabisa ya fani hii, na bado unabeba jina lake. Ukikatika, kuna jambo: shingo imevunjika, au kichwa kimechomoka, au kwa mtoto, nyonga haikukaa kikombeni tangu kuzaliwa. Kwa mtoto mchanga kabisa jihadhari. Kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu tupu, na gegedu haliachi kivuli. Kitone cha kwanza cha mfupa huonekana humo kwenye umri wa miezi 4 mpaka 6 hivi. Kabla ya hapo, sehemu unayoitafuta ipo lakini haionekani, na ndiyo maana wachanga hupelekwa kwenye altrasaundi.

Katika nchi zetu kuna kundi jingine ambalo nyonga zao nataka uzikumbuke. Selimundu huwapata watoto wengi wa Tanzania, Uganda, Kongo na pwani ya Kenya. Chembe za damu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa ileile myembamba ya shingoni, na kijana wa miaka 17 anafika na kichwa cha paja kilichokufa bila kuanguka popote. Ukiona fomu imeandikwa selimundu na maumivu ya nyonga, piga nyonga zote mbili, maana ugonjwa huu hauchagui upande.

Kabla hatujashuka gotini, niseme neno kuhusu majina. Katika Kiswahili, mguu ni kila kitu kuanzia nyonga mpaka kucha. Mgonjwa akisema mguu unauma, hajakudanganya, ila hajakwambia wapi. Mwombe aguse kwa kidole kimoja. Akisema kiuno, huenda anamaanisha mgongo wa chini, huenda nyonga. Lakini penye jina, lugha yetu imetazama vizuri. Mfupa wa mbele ya goti tunauita pia ya goti, na kweli una umbo la pia wanayozungusha watoto, pana juu, ncha chini. Wengine huuita kilegesambwa. Sehemu kali ya mbele ya mguu ni muundi. Nundu za kifundo ni macho ya mguu, na ukiwatazama watu wawili waliokaa mkekani utaelewa kwa nini. Mtumie mgonjwa majina haya. Kwenye fomu ya daktari andika ya Kilatini. Ukihesabu kutoka paja kwenda chini unapata mifupa 30 kila upande, na 26 kati yake imo wayoni. Zaidi ya nusu ya taabu yako, basi, iko kwenye kiatu.

Tena usisahau kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga mara nyingi huonyesha goti. Neva zinazohudumia viungo hivi viwili zina asili moja, na ubongo huchanganya anwani. Mvulana mnene wa miaka 13 anayechechemea akilalamikia goti, na goti lake kwenye picha ni safi, yawezekana kichwa cha paja lake kimeteleza juu ya sahani ya ukuaji, kama barafu ya koni inavyoteleza kwenye kikombe chake. Huna mamlaka ya kujiandikia picha ya nyonga, lakini unao mdomo. Mfuate daktari, mwambie alivyotembea alipoingia.

Goti linatufundisha uzi mwingine. Tazama mifupa ya mapaja ya mtu aliyesimama. Haiteremki wima. Nyonga zimetengana, magoti yamekaribiana, kwa hiyo kila paja linashuka likiinamia ndani. Ili goti lenyewe likae sawa juu ya muundi, nundu ya ndani imerefuka kushuka chini kuliko ya nje. Ukiushika mfupa wima mkononi utaiona imetangulia. Mgonjwa anapolala ubavu ulioumia chini, nundu ya ndani ndiyo iliyo juu, mbali na kaseti, na kivuli chake hushuka na kuziba nafasi ya kiungo. Inamisha tyubu nyuzi 5 mpaka 7 kuelekea kichwani na unaisukuma juu ikalingane na mwenzake. Mama mfupi mwenye nyonga pana huhitaji zaidi, mwanamume mrefu mwembamba huhitaji chini ya hapo. Hakuna kitabu kitakachokwambia hivyo kwa mgonjwa aliye mbele yako. Nyonga zake zitakwambia.

Nundu zikikataa kulingana, jiulize ni ipi iliyotokeza nyuma. Ya ndani ina kijinundu kidogo juu yake kwa nyuma, mahali ambapo msuli wa kukutanisha mapaja hujishikiza. Ukikiona, umeshaijua nundu, na umeshajua goti ligeuzwe upande gani. Niliwahi kurudia picha ya goti mara tatu nikibahatisha upande, na kila mara mgonjwa alipokea mionzi isiyo na faida kwake. Kijinundu kile kilikuwepo kwenye picha ya kwanza.

Kama goti limeumia na limevimba, usimlaze ubavu. Mwache chali, goti limekunjwa kidogo, miale ipite mlalo. Sababu yake kila mpishi anaijua. Mchuzi ukitulia, mafuta huelea juu. Mfupa ukivunjika ndani ya kiungo, mafuta ya uboho humwagika pamoja na damu ndani ya mfuko ulio juu ya pia ya goti, na baada ya dakika chache hutengana. Mafuta hupitisha miale zaidi kuliko damu, kwa hiyo picha inaonyesha mstari mnyoofu, mweusi zaidi juu, mweupe zaidi chini. Mstari huo unamaanisha upo ufa unaoingia kwenye kiungo, hata kama ufa wenyewe huuoni. Lakini utaupata tu ikiwa miale inasafiri sambamba na uso wa umajimaji. Ukipiga kutoka juu kwenda chini, ni sawa na kutazama chungu kutoka juu.

Pia ya goti yenyewe haionekani kwenye picha ya mtoto wa miaka 2. Ipo kama gegedu, mfupa huanza kutokea kati ya miaka 3 na 6. Kwa watu wachache huanza kwenye vitone viwili visivyoungana kamwe, na mtu mzima hubaki na kipande kidogo pembeni, karibu kila mara kwenye kona ya juu ya nje, kingo zake laini na za mviringo. Mvunjiko wa kweli una kingo kali. Kwa wazee wenye magoti yanayouma, pigania picha ya kusimama. Ile nafasi nyeusi kati ya paja na muundi ndiyo gegedu lenyewe lisiloonekana, na goti lililolazwa mezani hufunguka kidogo likaficha uchakavu. Uzito wa mwili ndio unaoonyesha kilichobaki.

Muundi hauna mengi, ila una moja zito. Tibia iko ndani, fibula iko nje, na upande mzima wa ndani wa tibia umefunikwa na ngozi tu, bila msuli. Gusa mwenyewe kutoka gotini mpaka kifundoni. Ndiyo sababu ajali za bodaboda zinatuletea tibia iliyotoboa ngozi, yenye mchanga wa barabara, mara nyingi kuliko mfupa mwingine mrefu. Na kwa kuwa tibia na fibula zimefungwa pamoja juu na chini, zikitengeneza pete ndefu, mara nyingi pete hiyo haikatiki mahali pamoja tu. Daktari mpasuaji wa Ufaransa, Jules Germain Maisonneuve, alieleza mwaka 1840, miaka 55 kabla ya Röntgen kugundua miale, jinsi kifundo kinavyoweza kupindwa nje, utando unaounganisha mifupa hii miwili ukapasuka kwenda juu, na nguvu ile ikatokea kwa kuvunja fibula karibu na goti. Mgonjwa anauguza kifundo. Ufa uko juu. Anayepiga kifundo peke yake atamrudisha nyumbani na kifundo kisicho imara. Papasa fibula yote kwa kidole gumba, polepole, kabla ya kuweka kaseti, na viungo vyote viwili vionekane. Mguu ukiwa mrefu kuliko kaseti ya sentimita 43, uweke mshazari, kona kwa kona. Bado haufiki? Piga mara mbili, picha zipishane.

Kifundo cha mguu ni kazi ya seremala. Anapounga miguu ya meza huchonga tundu kwenye mbao moja na ulimi kwenye nyingine, na ubora wa meza uko kwenye jinsi ulimi unavyojaa tundu. Tundu hapa ni dari ya tibia pamoja na macho mawili ya mguu. Ulimi ni talasi. Sasa weka kidole gumba kwenye jicho la ndani na cha shahada kwenye jicho la nje la mguu wako. Havikai sawa. Jicho la nje limeshuka chini zaidi na limerudi nyuma zaidi. Ukipiga kifundo vidole vikitazama dari, jicho la nje linajificha nyuma ya talasi, na nafasi ya upande huo inafunikwa. Geuza mguu ndani nyuzi 15 mpaka 20, macho mawili yanakuwa umbali mmoja kutoka kaseti, na nafasi inaonekana pande tatu, nyembamba na sawasawa kote. Ikipanuka upande mmoja, ulimi umelegea kwenye tundu. Nadhani hakuna picha nyingine ya mguu inayoeleza mambo mengi kiasi hiki kwa mgeuzo mdogo kiasi hiki, na inanisikitisha kuona inavyorukwa mahali pengi kwa sababu foleni ni ndefu.

Talasi ni mfupa wa ajabu. Hakuna msuli hata mmoja uliojishikiza kwake, na sehemu kubwa ya uso wake ni gegedu. Nafasi ya mishipa kuingilia ni ndogo. Nao una shingo, na shingo hiyo ikivunjika hadithi ya nyonga ya Bibi inarudiwa kwa udogo.

Chini yake kiko kisigino, na hapa nazungumza na wanafunzi wa pwani hasa. Pale kuna wakwezi na wagema, na kila mwaka mnazi au mwembe humwachia mtu. Anayeanguka wima hutua kwa visigino. Talasi hushuka kama shoka na kukipasua kisigino kutoka juu. Daktari Lorenz Böhler wa Vienna alitupatia kipimo ambacho bado tunakitumia: katika picha ya ubavu, chora mstari kutoka ncha ya juu ya nyuma ya kisigino mpaka kilele cha kiungo chake na talasi, na mwingine kutoka kilele hicho mpaka ncha ya juu ya mbele. Pembe kati ya mistari hiyo kwa kawaida ni nyuzi 20 mpaka 40. Kisigino kilichobonyea hupungua chini ya 20, na wakati mwingine pembe hufutika kabisa. Wakati mwingine mfupa hauna ufa unaoonekana, umepoteza kimo tu, na kipimo hicho ndicho shahidi pekee. Picha ya pili hupigwa wayo umevutwa kuelekea muundi, tyubu imeinamishwa nyuzi 40 kuelekea kichwani, kwa sababu mwili wa kisigino umelala nyuma ya mguu na hakuna njia nyingine ya kuutazama upana wake bila muundi kuuziba.

Mkwezi mmoja aliletwa chumbani kwetu akiwa ameshikwa mabegani na ndugu zake. Tuliombwa kifundo, tukapiga kifundo. Kisigino kilionekana pembeni kimepasuka. Hakuna aliyemuuliza juu ya mgongo, na yeye hakusema, maana kisigino kilikuwa kinamuuma kuliko yote. Alirudi siku ya nne, na pingili ya kiunoni ilikuwa imebonyea. Nguvu inayoingia kwa visigino haisimami visiginoni. Inapanda. Karibu mmoja kati ya kumi wanaovunjika kisigino kwa kuanguka huwa na jeraha la uti wa mgongo pia. Tangu siku ile, kila aliyeanguka kutoka juu namwuliza mgongo na kisigino cha pili kabla sijagusa mashine.

Imebaki mbele ya wayo, na hapo nataka kuanzia mbali. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, kikosi cha Mary Leakey kilifukua nyayo zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kimezama, uzito umepita kuelekea mbele, na kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, hakikutanuka pembeni kama cha sokwe. Olduvai kwenyewe, mwaka 1960, ilipatikana mifupa ya wayo wa kushoto, ya umri wa miaka milioni 1.8 hivi, ikiwa na viungo vilivyopangika karibu kama vyetu. Nawaeleza wanafunzi wangu hili kila mwaka, kwa sababu mfupa wanaoutafuta kwenye picha ndio uliomwezesha binadamu kusimama wima katika ardhi yetu hii.

Kilichofanyika wayoni ni tao. Mifupa haikulala bapa. Imepanda kutoka kisigino na kushuka mpaka kwenye vichwa vya metatasali. Weka wayo bapa juu ya kaseti na metatasali zitakuwa zimeinama kuelekea mbele. Ili zisitoke fupi, tyubu iinamishwe nyuzi 10 kuelekea kisigino, ziwe wima kwa mwale. Mwenye tao kubwa, ongeza kidogo. Mwenye wayo bapa, punguza. Mguu ni wake, pembe ni yake.

Mahali ambapo metatasali zinakutana na mifupa ya tao ni kiungo kinachoitwa kwa jina la Jacques Lisfranc, mpasuaji aliyetumikia jeshi la Napoleon. Kitako cha metatasali ya pili kimeingia ndani kidogo kati ya jirani zake, kimefungwa kama jiwe la kati kwenye tao la mlango, na ukano mmoja mnene unakifunga na kuneiformu ya ndani. Ukano huo ukikatika mvunjiko waweza usionekane. Fuata ukingo wa ndani wa metatasali ya pili: lazima uwe mstari mmoja na ukingo wa ndani wa kuneiformu ya kati. Kwenye picha ya mshazari, ukingo wa ndani wa metatasali ya nne ulingane na wa kuboidi. Ukitofautiana milimita mbili, mwambie daktari, na kama mgonjwa anaweza, apigwe akiwa amesimama. Jeraha hili hupita machoni pa watu wazoefu, na mgonjwa hubaki na wayo ulioanguka maisha yake yote.

Na ukingo wa nje. Papasa upande wa nje wa wayo wako kutoka kisigino kwenda kidole kidogo. Katikati utagonga nundu. Hicho ni kitako cha metatasali ya tano. Mwaka 1902 Robert Jones, mpasuaji wa Liverpool, aliandika jinsi yeye mwenyewe alivyoumia hapo akicheza dansi. Hakukanyagwa na mtu. Alipapasa, hakusikia mikwaruzo ya mfupa, na ilibidi mwenzake apige picha ndipo ufa ulipoonekana, sentimita mbili hivi mbele ya nundu, umekata mfupa kwa upana. Eneo lile damu yake ni chache, na mvunjiko wake huchelewa kuunga mpaka leo.

Kwa mtoto wa miaka 10 mpaka 14 utaona mstari mweusi kwenye kitako kilekile, na moyo utakudunda. Tazama unakoelekea. Ufa hukata mfupa kwa upana. Mstari wa ukuaji hufuata urefu wa mfupa, kama ganda linaloanza kubanduka. Kisha rudi mezani, weka kidole kwenye nundu ile, bonyeza taratibu, umtazame usoni. Andika kwenye fomu ulichokiona na mahali hasa kidole chako kilipomuuma.